Je, Wajua? Siri za Ubora wa Bunduki ya Kuwindia ya Kiwandani

Mtu akishika bunduki ya kuwindia dukani, macho hukimbilia mbao inayong'aa na chuma cheusi kinachometa. Wajuzi hawaanzii hapo. Wao hutazama vichwa vya skrubu, kingo za maandishi, mbao iliyofichwa nyuma ya bamba la kisigino mwishoni mwa kitako: mahali ambapo kiwanda kilijua kuwa mnunuzi wa kawaida hatafika. Huko ndiko ubora unakojieleza wenyewe, na huko nimeokota mambo ambayo yamenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Karibu tuyapekue.

Weusi wa mtutu ni kutu

Ule weusi wenye ubluu kwa mbali unaouona kwenye mtutu wa bunduki haukupakwa kwa brashi wala haukupulizwa. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa kuwa oksidi nyeusi, ndugu wa ile kutu nyekundu tunayoichukia kwenye mabati. Kwa njia ya zamani, fundi alipaka dawa yenye asidi, akauacha mtutu ushike kutu nyekundu kwa saa kadhaa kwenye chumba chenye unyevu, kisha akauchemsha katika maji safi. Ndani ya maji yale, wekundu hugeuka weusi. Fundi husugua vumbi lililobaki kwa brashi ya waya laini, halafu huanza upya, tena na tena, mpaka weusi ukolee.

Viwanda vikubwa havikuwa na subira hiyo. Vilihamia kwenye pipa la chumvi kali za magadi zinazochemka kwenye nyuzi joto 140 hivi, na kazi ya siku nyingi ikamalizika chini ya saa moja. Hata hivyo bunduki zenye mitutu miwili hubaki kwenye njia ya zamani, kwa sababu ile chumvi kali hushambulia madini ya risasi na bati yaliyounganisha mitutu hiyo.

Na unene wa tabaka lenyewe? Kama maikromita moja tu. Unywele mmoja wa kichwani mwako ni mnene mara 50 au zaidi. Ndiyo maana weusi huo peke yake hauzuii kutu: kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Kwa mtu anayeishi Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kitambaa chenye mafuta kina thamani kuliko rangi yoyote ya kiwandani.

Mng'ao haukutoka kwenye rangi

Bunduki mbili zinaweza kuzamishwa kwenye pipa lile lile, dakika zile zile, moja ikatoka inang'aa kama kioo na nyingine ikatoka imefifia. Tofauti yote ilikuwepo kabla ya pipa. Tabaka jembamba kiasi hicho haliwezi kuficha kitu, kwa hiyo kila mkwaruzo uliobaki kwenye chuma utaonekana milele, na kila saa aliyotumia msuguaji itaonekana vilevile.

Hapa pana mtego mzuri ambao wajuzi wanaupenda. Msuguaji mwenye haraka hubonyeza chuma kwenye gurudumu laini linalozunguka, na gurudumu hilo hula kingo. Chuma kitang'aa kweli, lakini herufi za jina la kiwanda zitakuwa zimefifia pembezoni, matundu ya skrubu yatakuwa na kibonde kama visahani vidogo, na sehemu iliyotakiwa kuwa bapa itaonyesha mawimbi ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Msuguaji hodari hutumia tupa na msasa uliofungwa kwenye kibao kigumu. Anachelewa, ila pembe zake hubaki kali na bapa zake hubaki bapa. Ukitaka kipimo kimoja tu cha kukagua bunduki kwa dakika moja, mimi ningekuchagulia hiki. Simama karibu na dirisha, igeuze polepole, na fuata mstari wa mwanga unavyotembea juu ya chuma. Mstari ukipinda, mkono ulikuwa na haraka.

Bunduki na fimbo ya gofu kutoka familia moja

Mwaka 1968 kampuni ya Marekani ya Ruger ilitoa bunduki yake aina ya M77, ambayo kiwiliwili chake cha chuma hakikuchongwa kutoka kwenye bonge bali kilimwagwa kwa njia ya nta: unatengeneza umbo la nta, unalifunika kwa tabaka gumu la udongo wa kauri, unayeyusha nta itoke, kisha unamimina chuma mahali pake. Ni njia ile ile iliyotumiwa na mafundi wa Ife na Benin kutengeneza vichwa vya shaba ambavyo leo dunia nzima inavistaajabia. Miaka ya 1990 Ruger hiyo hiyo ilikuwa ikimwaga vichwa vya titani vya fimbo za gofu.

Watu wengi walidhani chuma cha kumwagwa lazima kiwe duni. Hakikuwa. Kilichopungua ni gharama ya kuchonga, na akiba hiyo iliiwezesha kampuni kuweka mbao nzuri ya walnati yenye umbo la kiungwana lililobuniwa na fundi Len Brownell. Mnunuzi alipata sura ya bunduki ya bei kubwa kwa bei ya kawaida.

Nyingine hugeuka zambarau

Chuma chenye silikoni nyingi hakikubali weusi vizuri. Ndiyo maana baadhi ya bunduki za kumwagwa, baada ya miaka kadhaa, huonyesha kiwiliwili chenye rangi ya zambarau huku mtutu wake ukibaki mweusi tii. Mnunuzi mgeni huogopa akidhani ni ugonjwa. Kumbe ni kemia tu, na wapo wanaoupenda urembo huo.

Mwaka mmoja uliogawa bunduki moja kuwa mbili

Hakuna mfano unaofundisha thamani ya umaliziaji kuliko Winchester Model 70. Ilianza kutengenezwa mwaka 1936 huko New Haven, jimbo la Connecticut, na katika katalogi za mwanzo bei yake ilikuwa dola 61 na senti 25. Mpaka mwaka 1963 zilikuwa zimetoka zaidi ya 580,000. Wawindaji wa Marekani waliipenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Bunduki ile ilidai mikono mingi: chuma kilichongwa hatua kwa hatua, nakshi za mshiko zilikatwa kwenye mbao kwa kifaa cha mkono, komeo lake lilikuwa na ukucha mrefu wa chuma ulioshika ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini mpaka linapotupwa nje. Mishahara ilipanda, na mashindano yakaongezeka. Mwaka 1964 kampuni ikaitengeneza upya kwa gharama ndogo. Ukucha ule mrefu ukaondoka. Nakshi zikaacha kukatwa, zikawa zinabanwa kwenye mbao kwa bamba la moto, hata vialmasi vikatoka vimezama ndani badala ya kuinuka juu. Kati ya mtutu na mbao pakawa na pengo ambalo mtu aliliona akiwa amesimama mbali.

Wateja walikasirika. Na hapa ndipo jambo la kushangaza lilipotokea: bunduki zilizotumika, za kabla ya 1964, zikaanza kutafutwa kuliko mpya zilizokuwa dukani. Mpaka leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, muuzaji wa Marekani akitaja Model 70 swali la kwanza analoulizwa ni kama ni ya kabla ya 64. Kampuni ilijirekebisha kidogo kidogo. Nakshi za kukatwa zikarudi, na miaka ya 1990 ukucha nao ukarudi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006.

Ni haki kuongeza kwamba bunduki mpya za 1964 zililenga shabaha vizuri tu. Risasi haikujua tofauti. Mkono na jicho ndivyo vilivyojua, na mkono na jicho ndivyo vinavyotoa pesa mfukoni.

Noti ni kifaa cha kupimia

Wajuzi hukunja noti, huipitisha chini ya mtutu, kati ya chuma na mbao, kisha huivuta kuelekea nyuma. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, noti inatakiwa iteleze mpaka karibu na kiwiliwili bila kukwama hata mara moja. Sababu ni kwamba mbao hunywa unyevu na kuvimba; ikiugusa mtutu upande mmoja, huusukuma, na risasi huanza kwenda pengine msimu wa mvua ukiingia.

Ila tazama pia usawa wa pengo lenyewe. Mstari mwembamba ulio sawa kushoto na kulia unaonyesha mbao iliyochongwa kwa makini. Pengo pana upande mmoja na finyu upande wa pili, hapo kazi ilifanywa haraka au mbao imejipinda tangu siku ile. Na usishangae ukikuta mbao imeinuka juu ya chuma kidogo, kama unene wa kucha. Mafundi wa zamani waliiacha hivyo kwa makusudi, ili siku mbao itakapopigwa msasa upya isije ikashuka chini ya chuma.

Vialmasi elfu kadhaa kwenye kiganja kimoja

Nakshi za mshiko si pambo. Ni breki ya kiganja chenye jasho, na hupimwa kwa idadi ya mistari ndani ya inchi moja. Kiwandani mistari 18 hadi 22 ni kawaida. Mafundi wa oda maalumu hufika 32, ambapo mstari na mstari hupishana kwa chini ya milimita moja, na kila kialmasi lazima kiwe na ncha.

Ukichungulia kwa kioo cha kukuzia, tafuta mambo mawili. Kwanza, je, vialmasi vina ncha kali au vimekatika vichwa? Pili, je, mistari imevuka mpaka na kuchana mbao iliyo nje ya nakshi? Viwanda vingi huzungushia nakshi fremu ya mfereji mpana, na watu huiona nzuri. Kazi yake halisi ni kufunika mahali kifaa kilipoteleza. Nakshi isiyo na fremu, ambayo mistari yake yote imesimama kwenye mpaka bila hata mmoja kuvuka, ni fundi anayekuambia kimya kimya kuwa hakuhitaji kujificha.

Mpingo huzama, walnati huelea

Msomaji wa Lindi au Kilwa anaweza kuuliza kwa nini kitako cha bunduki kisichongwe kwa mpingo, mti mzuri kuliko yote. Jibu ni uzito. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji na huzama papo hapo, wakati walnati ina uzito wa karibu nusu yake. Kitako cha mpingo kingemchosha mwindaji kabla hajamwona nyati. Mpingo wetu umepata heshima yake kwenye zumari za Ulaya, kama klarineti na oboe. Kwenye bunduki, miti myeusi na pembe ya nyati hutumika kama kipande kidogo cha kumalizia ncha ya mbele ya mbao.

Walnati ilishinda kwa sababu ni nyepesi, inavumilia mshtuko, haijipindi ovyo ikikaushwa taratibu, na inakubali kukatwa nakshi ndogo bila kubomoka. Kuna walnati nyeusi ya Marekani, na kuna ile ya Ulaya na Asia yenye michirizi ya rangi ya asali na moshi. Ya pili ndiyo huwa ghali. Lakini kabla ya kushangilia michirizi, tazama shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Nyuzi za mbao zinatakiwa zipite hapo moja kwa moja kwa urefu. Nyuzi zikikatiza kwa mshazari, bunduki ya risasi nzito kama .375 au .458 inaweza kuipasua mbao hiyo, hata iwe na ua la kupendeza namna gani. Urembo mzuri hukaa nyuma, begani, ambako hakuna mkazo mkubwa.

Mbao iliyokula chuma

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Browning, jina lililoheshimiwa kuliko mengi, iliuza bunduki ambazo zilianza kuoza kutoka ndani. Mbao za walnati zilikuwa zimekaushwa kwa chumvi ili kazi iende haraka. Chumvi ikabaki ndani ya mbao, ikavuta unyevu wa hewa, ikaanza kula chuma kilichoigusa. Nje bunduki iling'aa. Ukiitoa mbao unakuta mtutu umetobolewatobolewa na kutu.

Mpaka leo mnunuzi wa Browning za miaka hiyo, hadi miaka ya kwanza ya 1970, hatoi pesa kabla ya kufungua skrubu mbili za bamba la kisigino. Skrubu hizo huishi ndani ya mbao, hivyo hutoa ushahidi mapema. Zikitoka safi, unapumua. Zikitoka na kutu ya unga, unarudisha bunduki mezani kwa adabu.

Tambara linaloweza kuwaka lenyewe

Mafuta ya kitani yanayopakwa kwenye vitako vizuri hayakauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kuishikilia, kwa hiyo tabaka lake huongezeka uzito linapokauka. Kitendo hicho hutoa joto. Matambara yaliyoloa mafuta hayo yakirundikwa pembeni mwa karakana, joto hukosa pa kutokea na rundo linaweza kushika moto bila kiberiti. Maseremala wanaojua huyatandaza yakauke au huyazamisha kwenye maji.

Kwa upande wa ubora, mafuta huingia ndani ya vitundu vya mbao, na mkwaruzo unaweza kurekebishwa kwa tone na kidole. Vanishi ngumu ya plastiki inang'aa zaidi na huzuia maji vizuri, ila ikichanika, mbao nzima hudai kuvuliwa upya. Ukiona vitundu vidogo vya mbao bado viko wazi chini ya mng'ao, kiwanda kiliruka hatua ya kuvijaza.

Kerezo lililochonga kitu kisicho duara

Kerezo hutengeneza vitu vya mviringo: miguu ya kitanda, mipini, vinyago vya chesi. Kitako cha bunduki hakina mviringo popote, na kwa karne nyingi kilichongwa kwa patasi na jicho. Mwaka 1819 Mmarekani Thomas Blanchard alibuni kerezo linalofuata umbo la mfano: gurudumu moja linatambaa juu ya kitako cha mfano cha chuma, na gurudumu la pili lenye makali linaiga kila mwinuko na bonde kwenye mbao mbichi. Karakana ya serikali ya Springfield ililitumia, na muda si mrefu mashine za aina hiyo zikawa zinachonga mipini ya mashoka na kalibu za kushonea viatu.

Kiatu ulichovaa na kitako cha bunduki vina babu mmoja.

Mtutu uliopigwa nyundo kutoka nje

Michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, inaweza kutengenezwa bila kukata hata chembe ya chuma. Bomba fupi na nene huvalishwa juu ya ufito mgumu uliochongwa michirizi kinyume, kisha nyundo zenye nguvu hulipiga kutoka pande zote mpaka chuma kishuke na kukumbatia ufito. Bomba hurefuka linapopigwa, na baada ya dakika chache mtutu uko tayari, ndani laini kabisa. Njia hiyo ilizaliwa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale ilipohitajika mitutu mingi ya bunduki za rashasha.

Viwanda vingi husugua nje na kufuta alama za nyundo. Steyr ya Austria kwa miaka mingi iliziacha, zikazunguka mtutu kama nyoka. Zamani nilidhani ni uvivu, sasa naziona kuwa ujasiri: kiwanda kinaonyesha alama za kazi yake badala ya kuzificha.

Mtutu ulinyooshwa kwa kivuli

Kabla ya vipimo vya kisasa, viwanda vikubwa viliajiri watu ambao kazi yao ilikuwa kuchungulia. Mnyooshaji aliuelekeza mtutu kwenye dirisha lenye mstari mweusi, akatazama kivuli cha mstari ule kilivyolala kwenye ukuta wa ndani. Mtutu ulionyooka hutoa kivuli kilichonyooka. Penye kupinda, kivuli huvunjika. Aliubana mtutu kwenye mashine ya mkono, akausukuma kidogo, akachungulia tena. Jicho lililozoea liligundua mpindo ambao rula isingeuona.

Nawe unaweza kufanya hivyo leo, bunduki ikiwa tupu na komeo limetolewa kabisa. Na ukiwa hapo, kagua mdomo wa mtutu. Ndiyo sehemu ya mwisho risasi inayoigusa, na mkwaruzo mdogo upande mmoja wa mdomo huharibu shabaha kuliko mikwaruzo mikubwa kwenye kitako.

Bunduki hufanya mtihani kabla ya kuuzwa

Shirika la mafundi bunduki wa London lilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikajengewa nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo ni moja: kufyatua risasi yenye nguvu iliyozidi, kisha kuikagua bunduki. Kwa kanuni za kimataifa za sasa, bunduki za michirizi hujaribiwa kwa shinikizo la asilimia 25 juu ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Ikistahimili, hugongwa muhuri. Marekani haina nyumba ya namna hiyo kisheria. Kila kiwanda hujaribu zake, na Winchester iligonga herufi W na P ndani ya umbo la yai.

Mihuri hiyo midogo chini ya mtutu ni wasifu kamili wa bunduki. Ikiwa muhuri wa mtutu na wa kiwiliwili haikubaliani, mtutu ulibadilishwa, na bei inapaswa kubadilika nao.

Namba iliyoandikwa kwa kalamu ya umeme

Mwaka 1785, Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, alitembelea karakana ya Honoré Blanc. Alionyeshwa vipuri vya mitambo 50 ya bunduki vikiwa vimetenganishwa na kupangwa kwenye visanduku. Akaokota vipuri bila kuchagua, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mikono yake, yote ikakaa sawasawa. Kwa wakati ule ilikuwa kama muujiza, kwa sababu kila bunduki ilikuwa imetengenezewa vipuri vyake peke yake.

Ajabu ni kwamba miaka 150 baadaye viwanda bora bado vilioanisha vipuri nyeti kwa mkono. Geuza komeo la Winchester Model 70 ya zamani, utaona namba ya bunduki imekwaruzwa chini yake kwa kalamu ya umeme, mwandiko wa mtu kabisa, hata namba nyingine zimelala upande. Mtu fulani alilijaribu komeo lile kwenye bunduki ile, akaridhika, akaandika. Namba ya komeo ikitofautiana na ya kiwiliwili, wakusanyaji hupunguza bei papo hapo.

Tundu moja dogo, hasara kubwa

Model 70 zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili kwa kawaida hazikuwa na matundu ya kufungia darubini kwenye daraja la nyuma la kiwiliwili. Wenye nazo wakapeleka kwa fundi zitobolewe. Kwa mwindaji lilikuwa jambo la akili. Kwa mkusanyaji wa leo, tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa huondoa sehemu kubwa ya thamani, na kitako kilichokatwa ili kuwekewa mpira wa bega hufanya vivyo hivyo.

Hata kuifanya iwe mpya ni kosa. Bunduki iliyofifia kwa kushikwa miaka 70 inauzwa ghali kuliko ile ile iliyosuguliwa na kuwekwa weusi mpya juzi. Wajuzi hugundua haraka: herufi zilizolainika, weusi ndani ya mikwaruzo ya zamani, na vichwa vya skrubu vilivyolika kwa bisibisi isiyoenea. Skrubu ambayo haijawahi kuguswa ina mfereji wenye kingo kali, na ndiyo shahidi asiyehongeka.

Jina moja, nchi tatu

Roy Weatherby wa California alipenda mng'ao kama wa gari jipya la Kimarekani: mbao inayoakisi uso, vipande vya mti mwekundu, mistari myeupe. Bunduki yake ya Mark V ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na meno tisa ya kufungia komeo, na mkono wa komeo hilo uliinuliwa nyuzi 54 tu badala ya 90 hivi za kawaida. Ikatengenezwa na Sauer Ujerumani, kisha na Howa Japani, halafu Marekani. Jina ni lile lile, ila wakusanyaji hulipia zaidi zile za Kijerumani. Za Kijapani zimetengenezwa vizuri sana, na kwa maoni yangu ndizo anazopaswa kuzitafuta mtu anayetaka ubora bila kulipia sifa.

Kibati cha fedha kutoka India, mwenyewe amelala Nyeri

Mwaka 1907 mwindaji Jim Corbett alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyekuwa akila watu katika vilima vya Kumaon, India. Serikali ya jimbo ikampa zawadi ya bunduki ya kampuni ya Rigby, aina ya .275, yenye mtambo wa Mauser kutoka kiwanda cha Oberndorf. Kwa chuma na mbao, ni bunduki nzuri miongoni mwa nyingi za aina yake. Lakini kwenye kitako chake pana kibati kidogo cha fedha kinachoeleza kwa nini alipewa, na kibati hicho kinaishinda thamani ya bunduki nzima. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, akafariki mwaka 1955, akazikwa Nyeri. Kampuni ya Rigby iliinunua tena bunduki hiyo mwaka 2015.

Bora katika elfu

Mwaka 1875 Winchester ilitangaza mpango wa kuvutia. Mitutu yote ya Model 1873 ingejaribiwa kwa shabaha, na ile iliyokaza matundu yake karibu kuliko mingine ingetengenezwa kuwa bunduki maalumu zenye kifyatulio chepesi, umaliziaji wa juu na maandishi juu ya mtutu kwamba ni moja katika elfu. Bei yake ilikuwa dola 100, pesa nyingi mno siku hizo.

Mpango haukudumu. Mnunuzi aliyesoma katalogi alijiuliza: kama hii ndiyo bora, zile nyingine 999 zina kasoro gani? Bunduki za Model 1873 zenye maandishi hayo hazikufika 150. Zikasahauliwa mpaka mwaka 1950, pale Hollywood ilipotengeneza filamu ya Winchester '73, James Stewart akiwa nyota, na studio ikaanzisha msako wa kuzitafuta zilizobaki Marekani nzima ili kuitangaza filamu. Watu wakaanza kupanda darini na kufungua makabati ya babu zao, wakiifuta vumbi mitutu ya zamani na kuisoma upande wa juu.